Mlipe Dereva au Mlipie Dereva?

Pale Kasumbalesa, malori ya shaba yanaposubiri zamu ya kuvuka kuingia Zambia, kuna sentensi mbili za Kiingereza zinazopishana kwa neno moja tu. "Pay the driver." "Pay for the driver." Ya kwanza inakuagiza umpe dereva pesa yake. Ya pili inakuagiza utoe pesa kwa niaba yake, iwe ya chakula, ya malazi au ya ushuru anaodaiwa. Karani wa Lubumbashi akiletewa agizo hilo kwenye simu na tajiri wa Ndola, kisha akazichanganya hizo mbili, pesa itaishia mfuko usiohusika na lori litalala hapo hapo mpakani.

Sasa zigeuze kwa lugha ya nyumbani. Mlipe dereva. Mlipie dereva. Hata mtoto wa mtaa wa Katuba anayetumwa dukani na mama yake anazitofautisha, na hakuna aliyewahi kumkalisha chini kumfundisha kauli ya kutendea. Anajua kwamba kuomba ni jambo moja na kuombea ni jambo jingine. Anajua kwamba aliyekimbia polisi na aliyekimbilia polisi wana shida tofauti kabisa.

Ndiyo maana nakereka ninapowasikia watu wazima wa mji huu wa Lubumbashi, watu wenye diploma ukutani, wakilalamika kwamba Kiingereza hakina kichwa wala miguu. Wanauliza: mbona "wait" inataka "for", "listen" inataka "to", "depend" inataka "on", halafu "discuss" haitaki chochote? Nani aliamua? Ndugu yangu, na nani aliamua kwamba "ingia" ikirefushwa kuwa "ingilia" iache kuzungumzia mlango na ianze kuzungumzia mtu anayejitia katika mambo yasiyomhusu? Hukuuliza. Ulikipokea kitenzi pamoja na mwisho wake, ukakitumia uwanjani na jikoni mpaka kikawa chako. Umeshaifanya kazi hii mara moja maishani, ukiwa huna hata meno yote. Nakutaka uifanye tena.

Na Kiingereza chenyewe si mgeni kwetu. Reli iliyofika hapa mwaka 1910, mwaka ule ule mji ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville, ilipanda kutoka kusini kupitia Rhodesia. Ilileta mashine, na ilileta wasimamizi waliozoea kutoa amri kwa Kiingereza au kwa Fanagalo, ile lugha ya mchanganyiko ya migodi ya kusini. Wafanyakazi wengi wa mwanzo waliajiriwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Wabelgiji wakaingiwa na hofu kwamba Katanga ingewaponyoka kwa ulimi kabla ya kuwaponyoka kwa bendera. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, anaiona hofu hiyo kuwa mojawapo ya mambo yaliyokipa Kiswahili nafasi yake katika kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière. Kwa hiyo Kiswahili tunachojivunia leo kiliwekwa hapa, kwa sehemu fulani, kama kizuizi dhidi ya Kiingereza. Historia ina mizaha yake.

Leo Kiingereza kinapita mlango ule ule wa kusini, na milango mingine imefunguka. Kongo ni mwanachama wa SADC tangu 1997. Tarehe 8 Aprili 2022 ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwezi Julai mwaka huo ikawa mwanachama kamili. Ndola iko umbali wa karibu kilomita 200. Kinshasa iko mbali nasi zaidi ya kilomita 1,500. Kila mwaka wiki ya migodi inapofanyika mjini hapa, mhandisi wa Johannesburg na mhandisi wa Beijing hukaa meza moja, na lugha wanayoelewana nayo mara nyingi ni Kiingereza. Wewe uko wapi kwenye meza hiyo? Unawamiminia watu chai, au unajadili bei?

Sikuambii kwamba Kiingereza ni lugha bora. Si bora. Kiluba ni lugha, Kibemba ni lugha, na hicho Kiswahili chetu ambacho watu wa Dar hukicheka ni lugha kamili. Ninachosema ni kwamba mikataba, kanuni za usalama na barua za maombi ya kazi zinaandikwa kwa Kiingereza, na katika Kiingereza hatari kubwa kwa mgeni haiko kwenye maneno marefu. Iko kwenye neno dogo linaloandamana na kitenzi: kile kihusishi, au ile "-ing", au ile "to". Mtu anaweza kujua maneno elfu tano akawa bado anasema "I depend of my brother", na msikilizaji akasita.

Basi kosa linatoka wapi? Kwa mtu wa Lubumbashi, mara nyingi linatoka katika Kifaransa cha darasani. Tunakifikiria Kiingereza kupitia Kifaransa, tukibadilisha neno baada ya neno. Na Kifaransa, kwa bahati mbaya, ndicho rafiki asiyefaa kabisa kwa kazi hii, kwa sababu lugha hizi mbili zimebadilishana tabia kama watu waliobadilishana makoti gizani.

Angalia. Kifaransa kinaweka kihusishi kwenye répondre à, entrer dans, téléphoner à, discuter de, se marier avec, s'approcher de. Kiingereza, kwa vitenzi hivyo hivyo, hakiweki kitu: answer the question, enter the office, phone the boss, discuss the price, marry her, approach the gate. Sasa geuza upande wa pili. Kifaransa kinaviacha uchi attendre, écouter, regarder, chercher, payer, demander. Kiingereza kinavivika: wait for, listen to, look at, look for, pay for, ask for. Vitenzi sita hapa, sita pale. Mtu aliyevishika hivi kumi na viwili, akavisema bila kusita, amefyeka sehemu kubwa ya makosa yanayomtambulisha Mkongo mara tu anapofungua kinywa mbele ya wageni. Kumi na viwili tu! Wachezaji wa akiba na wa kwanza wa timu ya Mazembe unawajua kwa majina, na hao ni zaidi ya ishirini.

Sasa sikiliza Kiswahili kinavyosema. Jibu swali. Karibia lango. Alimwoa. Kati ya mume na mke hapo hakuna neno lolote. Mtu wa Kolwezi anayesema "he married with her" hakulitoa kosa hilo nyumbani kwa bibi yake. Amelitoa shuleni, kwenye Kifaransa. Angekwenda moja kwa moja kutoka "alimwoa" hadi "he married her", asingeteleza. Ndiyo kusema, njia fupi ya kwenda Kiingereza mara nyingi inapita mtaa wa Kamalondo, haipiti Paris.

Mara nyingi, nimesema. Si kila mara. Kuna mahali ambapo Kiswahili na Kifaransa vinakula njama dhidi yako. Kiswahili kinasema "nataka uje"; Kifaransa kinasema je veux que tu viennes; kwa hiyo ulimi wako, ukiwa umesukumwa na lugha mbili, unatoa "I want that you come". Kiingereza hakitaki hivyo. Kinasema "I want you to come". Mtu kwanza, kisha "to", kisha kitenzi. "The boss wants us to finish today." "They asked me to sign." "She told him to wait." Mtego wa pili ni "explain". Tunasema "nieleze", Wafaransa husema expliquez-moi, na sisi tunaandika "explain me the contract". Sivyo: "explain the contract to me". Hapa hakuna lugha itakayokuokoa. Hapa unatega sikio, unarudia, unazoea.

Mtego mwingine ni wa kwetu sisi Walushois, watu wa Lubumbashi, hasa. Watu wa pwani husema nyumbani, kazini, barabarani. Sisi tunasema mu nyumba, ku kazi, pa barabara. Tuna maneno madogo yanayotangulia majina, na kwa hiyo masikio yetu yanayasikia "in", "at" na "on" vizuri kuliko masikio ya mtu wa Tanga. Ni faida, ichukue. "In the mine", "at work", "on the road": haya hayatupi shida. Lakini faida hiyo inageuka mtego mara neno dogo linapokifuata kitenzi badala ya kutangulia mahali. Katika "depend on" hakuna kitu kilichokaa juu ya kitu. Katika "believe in" hakuna mtu aliyeingia ndani ya kitu. Neno lile limeacha kazi ya mahali na kuanza kazi nyingine. Kwa hiyo usiulize linamaanisha nini. Uliza linaandamana na nani.

Kama unadhani nazungumzia urembo wa lugha, twende mgodini.

Chukua fundi wa zamu ya usiku. Ubaoni pameandikwa: "In case of a leak, report to the supervisor." Maana yake, bomba likivuja nenda ukamweleze msimamizi. Sasa ondoa lile "to". "Report the supervisor." Umeshamshtaki msimamizi! Umemfanya kuwa mkosaji. Katika taarifa ya maandishi, iliyosomwa na mtu aliye Perth, Australia, ambaye hajawahi kukanyaga udongo mwekundu wa Katanga, tofauti hiyo inaweza kumtia mtu katika barua ya onyo. Kwetu ni tofauti ya "kumripotia" na "kumripoti", ya kusema kwa mtu na kusema juu ya mtu. Unaona jinsi kiambishi chetu kidogo kinavyofanya kazi ile ile?

Dereva wa lori zito anashuka mteremko. Kwenye redio anasikia: "Stop to check the brakes." Asimame, akague breki. Rafiki yake anayejifunza Kiingereza kwa haraka anaurudia ujumbe kwa dereva wa nyuma: "Stop checking the brakes." Acha kukagua breki. Maneno ni yale yale, kitenzi ni kile kile, lakini umbo la kitenzi kinachofuata limegeuza amri juu chini. "Stop" ikifuatwa na "to" inakupa sababu ya kusimama. Ikifuatwa na "-ing" inakuambia uache ulichokuwa unafanya.

Na baada ya ajali, mchunguzi anaketi na fundi. Anamuuliza maswali mawili. "Did you remember to close the valve?" Kisha: "Do you remember closing the valve?" Fundi asiye makini anadhani ameulizwa swali moja mara mbili, anajibu ndiyo, ndiyo. Lakini la kwanza linauliza tendo: ulifunga, hukusahau? La pili linauliza kumbukumbu: picha ya mkono wako ukizungusha koki iko kichwani? Mtu anaweza kuwa alifunga kweli, kwa mazoea ya mikono, na asiwe na picha hiyo hata kidogo. Jibu lake la kweli ni ndiyo kwa moja na hapana kwa jingine, na mchunguzi mzuri anajua kwa nini ameuliza yote mawili. Kwa "remember" na "forget", "to" hutazama kazi inayokungoja. "-Ing" hutazama nyuma, kazi iliyokwisha kufanyika. Hilo nalo linaweza kugusa mkate wa mtu.

Watu wengi huona aibu, wakifikiri Waingereza huzaliwa na kanuni hizi kwenye karatasi. Hawana karatasi. Kwa muda mrefu kamusi zao zilijishughulisha zaidi na maana ya neno, kwa sababu ziliandikiwa watu waliokwisha kujua neno hilo linaandamana na nini. Waliokuja kuona pengo hilo ni walimu waliofundisha wageni. Mmoja alikuwa A. S. Hornby, Mwingereza aliyekwenda kufundisha Japani miaka ya 1920. Akiwa na wenzake wawili, alitengeneza kamusi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, katikati ya vita, iliyomwonyesha mwanafunzi kila kitenzi kinafuatwa na nini: jina, "to", "-ing", "that", au kihusishi gani. Vitenzi vyote aliviingiza katika miundo 25. Mwaka 1948 Oxford wakaitoa upya, na mpaka leo kamusi hiyo, ambayo imekua na kubadilika mara nyingi, iko mikononi mwa wanafunzi wa dunia nzima. Ilizaliwa kwa sababu ya maswali ya vijana wa Kijapani ambao lugha yao iko mbali sana na Kiingereza. Walihangaika na "depend on" kama wewe.

Halafu ukaja ugunduzi ambao mimi naupenda zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Birmingham, timu ya John Sinclair iliingiza kwenye kompyuta mamilioni ya maneno ya Kiingereza kama kinavyotumika kweli, magazetini, vitabuni na katika mazungumzo. Kamusi yao ya COBUILD ikatoka mwaka 1987, na mwaka 1996 wakatoa kitabu kizima cha miundo ya vitenzi. Walichokikuta ni kwamba vitenzi vinavyoandamana na neno lile lile huelekea kuwa ndugu kwa maana. Hawajatupwa ovyo. Wana koo.

Ukoo wa "from" unazuia. Prevent someone from entering, stop someone from leaving, ban, discourage, keep: wote wanamshika mtu koti asiendelee. Ukoo wa "of" hunyang'anya: rob someone of his money, deprive, strip, cheat. Ukoo wa "with" unajaza na kugawa: provide someone with a helmet, supply, equip, fill, load. Ukoo wa "for" unataja sababu: thank you for coming, blame him for the delay, punish, forgive. Siku utakayokutana na kitenzi kigeni katika sentensi kama "they stripped him of his licence", hata kama hujawahi kukiona, "of" imeshakunong'oneza kwamba maskini amenyang'anywa kitu.

Na hili nalo unalijua tangu utotoni. Funga, fungua. Ziba, zibua. Tega, tegua. Chomeka, chomoa. Hiyo kauli ya kutendua imekufundisha kwamba mwisho wa kitenzi unaweza kubeba maana ya kuondoa, na ukisikia kitenzi kipya chenye sauti hiyo mara nyingi unahisi kuna kitu kinafunguliwa au kinatolewa. Waingereza wameiweka habari yao baada ya kitenzi, sisi tumeiweka ndani ya kitenzi. Mwenye Kiluba au Kibemba nyumbani ana hazina hiyo hiyo kwa mara ya pili, kwa kuwa lugha hizo nazo hurefusha vitenzi kwa namna hii. Huyo kijana wa Ruashi anayeongea Kiluba na bibi, Kibemba na jirani, Kiswahili sokoni na Kifaransa darasani, ndiye anayesema hana kichwa cha lugha? Hana haki ya kusema hivyo.

Kwa watu wa mizigo, hapa pana la ziada. "They loaded the truck with copper" na "they loaded copper onto the truck" hazilingani sawasawa. Ya kwanza inakufanya uone lori limejaa. Ya pili inasema shaba ilipakiwa, pengine nafasi bado ipo. Ni kama walijaza lori shaba na walipakia shaba kwenye lori. Ukiandika hati ya shehena, chagua kwa makini.

Kuna kanuni moja ambayo unaweza kuitegemea kuliko nyingi nilizowahi kuziona katika lugha hii yenye vichochoro: kitenzi kikija baada ya kihusishi, huvaa "-ing". Thank you for helping. He insisted on paying. She succeeded in opening it. Before leaving, after signing, without asking. Wafaransa husema sans demander, wakiacha kitenzi katika umbo lake la asili, na sisi tunawafuata tukiandika "without ask". Tuache. Kinachotatiza watu ni "to", kwa sababu ina kazi mbili. Mara ni alama inayotangulia kitenzi, kama katika "want to go". Mara ni kihusishi kamili, kama katika "go to Likasi". Utaitambuaje? Jaribu kuweka jina baada yake. "I look forward to the meeting" inakubalika, basi "to" hiyo ni kihusishi, na kitenzi kitakachoifuata kitavaa "-ing": "I look forward to meeting you." Barua za maombi ya kazi zinazotoka mji huu na "I look forward to hear from you" mwishoni ni nyingi mno. Msomaji wa Ndola anaisoma hiyo ikiwa sentensi yako ya mwisho, ndiyo anayokwenda nayo.

Usiniambie umechelewa. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941, enzi ikiitwa Jadotville, umbali wa saa chache kutoka hapa ukipata barabara nzuri. Alisoma kwa wamonaki Wabenediktini, akabobea katika Kilatini, Kigiriki na Kifaransa, akafundisha chuo kikuu papa hapa Lubumbashi katika miaka ya 1970. Riwaya zake aliziandika kwa Kifaransa. Alipoondoka kwenda Marekani alikuwa anakaribia miaka 40, umri ambao wengi wetu tunasema ubongo umeshafunga duka. Mwaka 1988 alitoa The Invention of Africa, kwa Kiingereza, na mwaka uliofuata kitabu hicho kikapata Tuzo ya Herskovits, mojawapo ya tuzo kubwa za vitabu vya taaluma kuhusu Afrika. Leo hakuna mtu anayesomea falsafa ya Afrika, awe Nairobi, Chicago au London, asiyekutana nacho. Mtoto wa Katanga aliye karibu na arobaini aliingia katika lugha mpya, akawafundisha wenyeji wake namna ya kuifikiria Afrika. Na wewe wa miaka 23, mwanafunzi wa kampasi ya Kasapa mwenye simu mkononi, unaniambia "suggest" imekushinda?

Wala usiogope kucheka na makosa. Waingereza na Wamarekani wenyewe hawapatani. Mmarekani atasema "write me", Mwingereza "write to me". Mmarekani anapinga uamuzi kwa "protest the decision", Mwingereza anaongeza "against". Fomu ile ile mmoja anaijaza "in", mwingine anaijaza "out". Majirani zetu waliotawaliwa na Mwingereza, kutoka Zambia mpaka Kenya, utawasikia wakisema "discuss about" na "request for" kwa kujiamini kabisa, na maisha yanaendelea. Nakutaka ulijue umbo linalokubalika kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi ndiyo itakayosomwa ukiwa hupo. Kwenye mazungumzo, ndugu yangu, wewe ongea. Aliyenyamaza kwa hofu ya kihusishi hajifunzi kihusishi chochote.

Sasa kazi. Tupa ile orodha yako ya maneno yenye Kiingereza kushoto na Kifaransa kulia. Imekupotosha vya kutosha. Nunua daftari jembamba, lile la wanafunzi wa shule ya msingi linatosha. Usiandike kamwe kitenzi kikiwa peke yake. Usiandike "apply". Andika "apply to the company for the job", kifungu kizima, kwa kampuni na kwa kazi unayoitaka kweli. Usiandike "responsible". Andika "I am responsible for the night shift". Weka maisha yako ndani: duka lako, lori lako, darasa lako, mama yako. Kisha kiseme kifungu hicho kwa sauti, mpaka "for" itoke kinywani kabla hujaifikiria, jinsi "-ia" au "-ea" inavyotoka unaposema mpigie, mletee, mwambie. Badilisha mtenda, badilisha wakati, lakini neno linaloandamana na kitenzi usiliguse. Panga vitenzi kwa koo zake: ukurasa wa "from", ukurasa wa "of", ukurasa wa "with". Kiingereza cha kusikia ongeza pia. Ukipanda gari moja na dereva wa Kitwe, mwache azungumze, wewe tega sikio kwenye maneno madogo.

Kamusi ya Oxford ya wanaojifunza iko wazi bure kwenye intaneti, na mega chache zinatosha kwa jioni nzima. Usikimbilie maana. Tazama mifano, na tazama vile vifungu vidogo ambavyo wengi huviruka: "somebody" (au "sb" kwa kifupi) ni mtu, "something" (au "sth") ni kitu, na "doing something" inakuambia kitenzi kinachofuata kivae "-ing". Anza leo usiku na "suggest". Utakuta inapokea kitu, inapokea "doing", inapokea "that", na hutakuta popote "suggest you to do", ile ambayo umeiandika mara nyingi kuliko unavyopenda kukiri. Andika sentensi tatu kuhusu kazi yako ya kesho, moja kwa kila umbo, kisha kesho asubuhi mpelekee Mzambia mmoja mnayefanya naye kazi, umsomee kabla zamu haijaanza.